Mama Wino na Mgongo wa Karatasi

"Mtihani huo mnaoulilia, mimi naufanya kwa mkono mmoja, mkono wa pili unatoa nakala, na bado nawapita!"

Maneno hayo Mama Wino aliyatamka saa nne asubuhi, siku ya Jumatatu, mbele ya foleni ya wanafunzi ishirini na kitu, wala hakunong'ona. Sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na mashine ya fotokopi, na mashine ile ilinguruma kama mtu anayesaga kokoto kwa meno. Kwa hiyo hawakusikia wale ishirini tu. Alisikia mlinzi wa geti la chuo, hatua arobaini kutoka pale. Alisikia fundi viatu wa kibanda jirani, akaiacha sindano hewani. Na alisikia Mwalimu wa Mikataba, aliyekuwa wa tano kwenye foleni na flashi yake mkononi, maana mashine ya ofisini kwao ilikuwa mgonjwa tangu mwaka juzi na hakuna aliyejitolea kuiuguza.

Mwalimu wa Mikataba alikuwa mwembamba, shati lake limenyooshwa mpaka linaweza kukukata, na alijibu kila jambo polepole kama mtu anayeonja chai ya moto.

"Mama," alisema, "chuo kinapokea watu wazima wa somo moja moja. Mikataba ni saa kumi alasiri, Jumanne na Alhamisi. Fomu ziko ofisini kwangu. Dirisha la usajili linafungwa Ijumaa."

Foleni ikalipuka. Mmoja akapiga mluzi. "Mama Wino, umeitwa! Usikimbie!"

"Nikimbilie wapi, baba, na kibanda hiki kimenifunga mnyororo?"

Wote wakacheka. Asiyecheka alikuwa mtu mmoja tu, aliyekaa kwenye kona ya kibanda juu ya kreti la soda lililopinduliwa, stepla mkononi, akibana karatasi za watu. Huyo alikuwa Kitinda, mtoto wa mwisho wa Mama Wino, na majigambo yale yote yalitokana na yeye.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Kitinda alikuwa mwanafunzi wa sheria pale pale chuoni, mpaka alipoangushwa na somo la Mikataba. Barua ya chuo ilimtaka akae nje muhula mmoja, arudi muhula unaofuata kurudia somo, na asiporudi nafasi yake anapewa mwingine. Asubuhi ile mwanafunzi mmoja, kwa nia njema kabisa, alimwambia mama mtu: "Usimlaumu mwanao, Mama Wino. Mikataba si somo, ni mlima." Nia njema imewahi kuchoma nyumba. Mama Wino akapandisha mabega, akatoa tamko lile, na neno likishatoka kinywani halina kamba ya kulivutia.

Kusema kweli, hakujigamba kutoka hewani. Alikuwa na miaka kumi na mmoja mbele ya geti lile, ndani ya kibanda cha mabati chenye upana wa mikono miwili, na mashine aliyoipa jina la Mkwe. Kwa nini Mkwe? "Kwa sababu humpigi," alisema. "Unambembeleza, unampangusa, unamwita kwa adabu, na bado siku ya harusi atakuaibisha." Kila ukurasa uliofundishwa chuoni ulipita chini ya kifuniko cha Mkwe. Na kila ukurasa ukitoka, Mama Wino aliusoma. Mkono unapokea karatasi, jicho linapita, stepla inagonga. Wengine kazini kwao huimba. Yeye alisoma.

Hivyo nakala ya Mama Wino ilikuja na ushauri, upende usipende. Kuna kijana mmoja waliyemwita Njano, kwa sababu alipitisha kalamu ya rangi ya njano kwenye kila mstari wa kila kitabu. Alipoleta notsi zake zitolewe nakala, Mama Wino alizishika kwa ncha za vidole.

"Mwanangu, hapa umesoma au umepaka ukuta?"

"Nimeyawekea alama yaliyo muhimu, Mama Wino."

"Kila kitu muhimu?"

"Sikutaka kuacha kitu."

"Ukialika mtaa mzima, huna mgeni wa heshima. Chagua mistari mitatu kwa ukurasa. Iliyobaki iache ikae myeupe, haitakufa baridi."

Na hakukosea. Aliyekuja kutoa nakala ya notsi za muhula mzima siku mbili kabla ya mtihani, alimuuliza kama anasoma au anahama nyumba. Aliyekuja na macho mekundu baada ya kukesha, alimrudisha akalale kwanza, "maana kichwa kisicholala ni ndoo iliyotoboka, utamimina mpaka mkono uchoke." Watu walisikiliza. Wengi walifaulu. Walipofaulu walisema ni juhudi zao, walipoanguka walisema ni bahati mbaya, lakini foleni yake haikupungua.

Jioni ile, saa kumi na mbili, wakati wanafunika Mkwe kwa shuka lake, Kitinda alianza.

"Mama, umeapa mbele za watu."

"Sikuapa. Nilisema."

"Kwako kuna tofauti?"

Mama Wino alivuta mlango. Alizungusha mnyororo mlangoni taratibu kuliko siku zote.

"Unawashauri watu kusoma kama fundi baiskeli anayewafundisha watu kuogelea," Kitinda aliendelea. "Kutoa nakala si kusoma. Mimi nimelikalia lile darasa, nalijua. Haya, basi. Nenda. Ukifaulu, narudi muhula ujao, narudia somo, na hutanisikia nikilalamika. Ukianguka, naenda kuuza vifuniko vya simu na rafiki yangu, na wewe hunitajii chuo mpaka nizeeke."

"Hiyo ni ahadi?"

"Hilo ni pendekezo. Ukikubali, ni mkataba."

"Kumbe kuna vitu vilibaki kichwani," alisema Mama Wino. "Nimekubali."

Aliposema hivyo alikuwa anatabasamu, lakini alijua alichokiweka rehani. Kifungua mimba wake alikwisha kuuacha ufundi umeme katikati. Baba mtu alikuwa dereva wa lori la masafa, nyumbani siku nne kwa mwezi, na siku hizo nne alilala tatu. Yeye mwenyewe alimaliza kidato cha nne na cheti chenye alama ambazo hakuwahi kumwonyesha binadamu. Kilikuwa chini ya godoro, kimekunjwa mara nne, kama barua ya mchumba aliyeoa kwingine. Katika nyumba ile, aliyekuwa amebakia wa kuvuka mstari ni huyu wa mwisho. Na sasa kuvuka kwake kulining'inia kwenye mdomo wa mama yake. Siku ya Jumatano alijaza fomu.

Darasani alikaa mstari wa mbele, aproni yenye madoa ya wino bado kiunoni, kwa kuwa alitoka kibandani saa kumi kasoro dakika tano na kurudi saa kumi na mbili. Mwalimu alipouliza swali, mkono wa Mama Wino ulikuwa juu kabla alama ya kuuliza haijafika.

"Ukimya ni kukubali pendekezo?"

"Si kukubali, Mwalimu! Asiyejibu hajakubali!"

"Vizuri. Na mkataba wa mtoto mdogo?"

"Batili, Mwalimu!"

Mwalimu alikaa kidogo, kama anangoja kitu kingine, kisha akaendelea. Nyuma, vijana walitazamana. Mama alikuwa anajua! Habari zikavuka geti. Foleni ikaanza kumwita "Wakili". Mama Wino akaanza kutembea kama mtu anayesikia ngoma ambayo wengine hawaisikii.

Wiki ya tano likaja jaribio. Aliandika kurasa sita bila kuinua kichwa, akawa wa kwanza kutoka, akarudi kibandani akipiga mluzi.

Wiki ya sita majibu yakarudi. Thelathini na nne kwa mia.

Aliitazama ile karatasi kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake hospitalini. Makosa hayakuwemo. Hakuna palipopigwa mkasi wa kukosa. Ila kando ya kila jibu, kwa wino mwekundu, Mwalimu aliandika neno lile lile, mara tisa: *Isipokuwa?* Isipokuwa? Isipokuwa? Hakuna maelezo, hakuna kingine.

Siri ya alama za mtihani hukaa chuoni kama maji kwenye kikapu. Kesho yake foleni ilijua.

"Mama Wino, lile jaribio ulilifanya kwa mkono upi?"

"Labda alitumia ule wa kutolea nakala!"

Njano, ambaye naye alikuwa darasa lile na alipata hamsini na mbili, alipita kifua mbele. Mumewe akapiga simu kutoka njiani. "Nasikia mke wangu ameanguka."

"Nimejikwaa."

"Pole. Hapa kuna mzigo wa saruji, nikubebee mfuko mmoja tuzibe hiyo sheria?"

Alikata simu. Mchana ule hakumshauri mtu yeyote. Mwanafunzi aliomba nakala kumi, akapewa nakala kumi kimya kimya, akaenda zake ameingiwa na hofu.

Aliyemwokoa hakuwa Mwalimu. Ni Kitinda, na hakukusudia. Saa nane mchana foleni ilikuwa imekatika, simu yake haina chaji, na mtu asiye na chaji husoma chochote. Akaichukua karatasi ya jaribio la mama yake. Akaisoma. Akakunja uso. Akavuta notsi za Mikataba kutoka rafuni, akaanza kupekua, kidole huku, kidole kule.

"Mama. Jibu la kwanza umelitoa ukurasa wa tatu."

"Nimelitoa kichwani."

"Lilitoka ukurasa wa tatu likaingia kichwani. La pili, ukurasa wa saba. La tatu, wa kumi na tano. Hili hapa, wa ishirini na moja. Mama, hakuna hata jibu moja kutoka ukurasa wa pili, wa nne, wa sita."

"Basi sikuulizwa ya huko."

"Uliulizwa. Ukajibu nusu." Kitinda aliweka notsi mezani. "Wewe husoma saa ngapi?"

"Nikitoa nakala. Tangu ukiwa shule ya msingi unaniona."

"Toa moja nikuone."

Mama Wino akabonyeza. Mkwe akasaga kokoto zake, akatema karatasi yenye maandishi pande zote mbili. Ililala kwenye trei, uso juu, mgongo chini. Mama Wino akaitazama, macho yakaushuka ukurasa mstari kwa mstari, mkono ukaipokea, ukaiweka juu ya zile nyingine, ukaigonga stepla.

"Rudia," Kitinda alisema.

Akarudia. Uso juu, mgongo chini, stepla.

"Mama," alisema Kitinda, kwa sauti ndogo sana. "Umewahi kugeuza?"

Barabarani pikipiki ilipita. Fundi viatu alikohoa. Mama Wino alinyanyua karatasi ile kwa vidole viwili, kama mtu anayeinua pazia la nyumba ambayo ameishi miaka kumi na mmoja na kukuta chumba kingine. Upande wa mbele uliishia: *Mkataba unaofanywa na mtoto mdogo ni batili.* Akageuza. Mstari wa kwanza wa upande wa nyuma ulianza: *Isipokuwa pale ambapo mkataba huo ni wa mahitaji yake ya lazima…*

"Miaka kumi na mmoja," alisema.

"Hukuona kwamba mambo yanaruka?"

"Niliona! Nilidhani sheria ndivyo ilivyo, inaruka. Nilisema, hawa ni wasomi, wanajua wanakokwenda."

Kitinda alijitahidi asicheke. Alibana midomo, akashika stepla, akaangalia juu. Halafu Mama Wino mwenyewe akaanza. Alicheka akashika kifuniko cha Mkwe, akacheka akakaa sakafuni juu ya maboksi ya karatasi, akacheka mpaka fundi viatu akaja kuuliza kama kuna msiba. Alikuwa amekariri kanuni zote za nchi na hakujua hata moja inapoachia. Alikuwa sawa na mtu anayejua milango yote ya mji, ila hajui kwamba inafunguka.

Ikabaki kazi ya kujaza nusu ya pili, wiki nane zikiwa zimesalia. Ilionekana rahisi: geuza, soma. Aligeuza, akasoma. Kesho yake asubuhi Kitinda akamuuliza, na kichwani hamna kitu. Upande wa mbele umejaa hadi pembeni, upande wa nyuma mweupe kama shuka la hoteli. Siku tatu ilikuwa hivyo. Ya nne Mama Wino alikasirika, na hasira ndiyo iliyomfundisha.

"Usinionyeshe!" alimwambia Kitinda aliyekuwa anageuza karatasi. "Ngoja. Acha niseme kwanza kilichopo huko nyuma."

"Utajuaje na hujasoma?"

"Nitabahatisha. Hapa wanasema pendekezo linaweza kuondolewa wakati wowote kabla halijakubaliwa. Sasa, kama mimi ndiye niliyetunga sheria hii, ni nani atakuja kunilalamikia? Atakuja mtu aliyenipa hela nimwekee mzigo hadi Jumamosi. Kwa hiyo nyuma wameandika: isipokuwa umelipwa ili ungoje. Geuza."

Kitinda akageuza. Akasoma. Akainua nyusi. "Umepata."

Ukurasa uliofuata alibahatisha vibaya, vibaya kabisa, akageuza akajiona, akajipiga paji la uso. Na ule aliokosea ndio ulioganda zaidi. Kesho yake aliukumbuka hadi koma. Jambo ulilolikosea hadharani, na ukasahihishwa na mwanao, halisahauliki hata ukilipa.

Basi wakawa na utaratibu. Mama Wino alitoa notsi zake upya, kila ukurasa kwenye karatasi yake, mgongo mtupu. Akisoma upande wa mbele, anaigeuza, anaandika kwa kalamu kwenye mgongo ule mtupu kile anachodhani kinafuata. Halafu ndipo analinganisha na ukurasa wenyewe. Palipokosewa anazungushia duara, na duara hilo analirudia kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, mpaka lichoke kumtisha. Mwamuzi alikuwa Kitinda kwenye kreti lake la soda, mkali kama refa aliyetukanwa.

"Hapana. Umeandika 'kwa maandishi'. Nani ameshuhudia?"

"Mashahidi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo maandishi yenye mashahidi. Wewe mtoto, umekuwa hakimu lini?"

Kitinda alivuta ukurasa unaofuata. Lakini Mama Wino aliona kitu, akakimeza, asikitie kijicho: wiki ya nane, mwanawe alisahihisha kurasa mbili nzima bila kuangalia notsi.

Mchezo haukubaki ndani ya kibanda. Mwanafunzi aliyekuwa dirishani alisikia swali, akajibu. Wa nyuma yake akasema amekosea. Ikawa desturi: hupokei nakala yako mpaka useme nyuma kuna nini. Ukikosa, wa pili yako anakusaidia, na aliyekusaidia ndiye anayefaidi zaidi, maana huwezi kumweleza mtu jambo ambalo halijakaa sawa kichwani mwako. Wa uuguzi waliulizana dozi, wa ujenzi waliulizana vipimo vya zege. Njano alisimama pale saa nzima siku moja, akakosa mara nne mfululizo, na akaondoka ameweka kalamu yake ya njano mfukoni kwa mara ya kwanza tangu ajiunge na chuo. Mwalimu wa Mikataba naye alikuja na flashi yake, akakaa wa tano, akasikiliza. Ila alipofika dirishani Mama Wino alimzuia.

"Mwalimu, nyuma kuna nini?"

"Nyuma ya ratiba ya vipindi?"

"Sheria ni moja kwa wote."

Mwalimu aliwaza, akaonja chai yake ya moto isiyokuwepo. "Nyuma hakuna kitu."

"Isipokuwa?"

Foleni ikaanguka kwa vicheko, na kwa mara ya kwanza watu waliona meno ya Mwalimu wa Mikataba.

Siku moja kabla ya mtihani Mama Wino alifunga kibanda saa tisa, akala, akaoga, akalala mapema kama mtoto mwenye safari. Asubuhi alimkabidhi Kitinda ufunguo. "Mkwe akikwama, mfungue kifuniko, mpulizie, mwite kwa adabu."

Ndani ya ukumbi kulikuwa na watu sitini na wanne na feni moja iliyojizungusha kwa kujilazimisha. Maswali matano, alama ishirini kila moja, saa tatu. Wengine walikuwa wameshaanza kuchimba. Mama Wino alipiga hesabu kwanza pembeni ya karatasi: dakika thelathini na tano kila swali, dakika tano za kupumua. Akaandika saa ambayo kila swali litakufa, litake lisitake. Ndipo akafungua.

Swali la kwanza: *Eleza mazingira matano ambamo kanuni za jumla za mkataba hazitumiki.*

Alicheka. Si kwa nguvu, lakini msimamizi alisikia, akaja haraka. "Mama, kuna tatizo?"

"Hakuna, mwanangu. Nimekutana na mtu ninayemjua."

La kwanza likaenda, la pili na la tatu yakafuata. La nne likamkwamia. Alilisoma mara mbili, na kichwa kikawa cheupe, kikavu, kama trei iliyoishiwa karatasi. Saa ukutani ilikata dakika mbili, tatu. Akilini akamwona Kitinda akipanga vifuniko vya simu mezani, kimoja kimoja, rangi kwa rangi, mpaka uzeeni. Akaweka kalamu chini. Akaichukua karatasi yake ya majibu, akaigeuza, akaweka kiganja juu ya mgongo wake mtupu, na kujiuliza kwa midomo tu, bila sauti: Nyuma kuna nini?

Ikaja. Haikuja yote, ulikuja mduara. Ule mduara wa wiki ya tisa, alipoandika "maandishi" na Kitinda akamuuliza nani ameshuhudia. Mduara ukaleta mstari, mstari ukaleta ukurasa, na mkono ukaanza kukimbia, ukavuka hadi swali la tano. Alipoandika "isipokuwa" ya mwisho zilibaki dakika sita, akazitumia kusoma upya, maana kazi isiyogeuzwa alishaijua inavyomfanya mtu.

Matokeo yalitoka baada ya wiki tatu, Jumatatu, saa nne asubuhi. Yalibandikwa kwenye ubao wa matangazo, lakini Mama Wino alikuwa na foleni ndefu na hakutaka kwenda. Alisema ana kazi. Kazi yenyewe: mtu aliomba nakala moja ya kitambulisho, akampa saba. Basi matokeo yakamfuata. Mwalimu wa Mikataba alitoka getini, flashi mkononi, akaja akasimama mwisho wa foleni kama kawaida, na foleni yote ikageuka ikamtazama, ikapasuka katikati ikampa njia.

"Mama," alisema, na alijitahidi kupaza sauti ishinde ya Mkwe, "ule mtihani uliosema utaufanya kwa mkono mmoja."

"Naam, Mwalimu." Alimzima Mkwe. Ni mara chache sana alimzima Mkwe saa nne asubuhi.

"Sabini na nane."

Akainua kidole, bado hajamaliza.

"Na ulisema utawapita. Umewapita sitini na mmoja. Wawili waliokutangulia, nimewauliza wamesomea wapi. Wote wawili wamesema hapa kwenye foleni."

Kelele iliyofuata ilimfanya mlinzi aliache geti wazi aje kuangalia. Njano, aliyepata sitini na sita kwa notsi nyeupe zisizopakwa rangi, alimnyanyua Mama Wino juu, akagundua uzito, akamrudisha chini kwa heshima. Fundi viatu alipiga nyundo juu ya bati. Wanafunzi walimwimbia "Wakili! Wakili!" na safari hii hakukuwa na sumu ndani yake. Mama Wino alisimama katikati, aproni na madoa yake, machozi yakimshuka bila aibu. Alipoulizwa na mumewe kwenye simu ni kelele gani hizo, alisema tu, "Nimeziba sheria bila saruji yako."

Kitinda alikuwa bado kwenye kreti. Aliinuka polepole, akajifuta wino kwenye suruali, akapita kati ya watu hadi mbele ya Mwalimu.

"Mwalimu, fomu za kurudia somo. Dirisha linafungwa lini?"

"Ijumaa."

"Nakuja leo," alisema. Kisha akamgeukia mama yake. "Mkataba ni mkataba."

"Hakuna isipokuwa?"

"Nimetafuta, Mama. Haimo."

Muhula ulipofunguliwa, Mama Wino aliongeza huduma. Kila aliyetaka, alimtolea notsi upande mmoja tu na kumwachia mgongo mtupu wa kuandikia. Mwezi wa kwanza aliutoa mgongo huo bure, na wanafunzi wakarudi na migongo yao mitupu vile vile, mingine imechorwa maua. Akaona hapana. Kitu cha bure hakijazwi. Akamwambia Kitinda aandike bei kwenye boksi na kulitundika juu ya dirisha, na tangu siku hiyo migongo ikaanza kurudi imejaa, ina miduara, mingine ina madoa ya machozi, lakini imejaa.

Aliyelalamika kuliko wote alikuwa mwandishi wa tangazo lenyewe. Kitinda alikuja dirishani wiki ya kwanza ya masomo, begi begani, akiwa wa tano kwenye foleni.

"Mikataba, Mama. Kurasa arobaini, upande mmoja."

"Nimekuhesabia na mgongo."

"Unauza karatasi tupu kwa mwanao wa kuzaa?"

"Soma tangazo. Mwandiko ni wako."

Kitinda akainua macho. Nakala upande mmoja, shilingi hamsini. Mgongo mtupu, shilingi kumi.